Thamani ya Jina

Hisa moja ya kampuni yetu, kwa mujibu wa hati ya usajili,
ina thamani ya jina:
chukua senti, ikate vipande mia,
okota kimoja.
Hicho. Sisimizi asingejisumbua kukibeba.

Watu walilipa dola kumi na saba.

Kumi na saba, toa kile kipande,
zilizobaki zina mstari wao kwenye mizania,
na mstari una jina la kuchosha ulimi:
mtaji wa ziada uliolipwa.
Miaka tisa nimeliandika jina hilo hapa Waltham,
robo mwaka baada ya robo mwaka,
sijawahi kuliuliza: ziada juu ya nini?

Baba yangu aliuza vitambaa Fall River.
Akishapima yadi tatu kwa rula ya mbao
alisogeza mkasi upana wa kiganja, ndipo akate.
Nyongeza, alisema, mteja asiondoke na hesabu kavu.
Baba, njoo uone duka ninalofanyia kazi:
kitambaa ni uzi mmoja,
nyongeza ni ghala zima.

Jumanne matokeo yalitoka.
Dawa yetu, ile ya misuli inayolegea,
haikuyashinda maji ya chumvi.
Daktari Halvorsen alisoma tarakimu
kama mtu asomaye orodha ya vitu vya sokoni,
kisha akavua miwani, akasahau kuivaa.
Kufikia saa nne hisa ilikuwa senti arobaini.
Alhamisi wakaondoka waliokuwa wakijibu barua,
kila mmoja na boksi lake, mmoja na mmea wake wa chunguni.
Barua zikahamia mezani kwangu.

Moja imetoka Chicopee, imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu.
Bernadette Kowalczyk.
Alinunua hisa mia mbili siku ya toleo la kwanza
kupitia shemeji yake aliyefanya kazi kwa dalali,
"maana nilitaka dawa ya Kazimierz isikose pesa."
Hadai kurudishiwa.
Anauliza jambo moja tu:
mwanangu alikuwa upande wa dawa, au upande wa maji?

Mama, mimi ni mhasibu.
Najua senti zako mbili ziko mstari wa juu,
na dola elfu tatu mia tatu tisini na tisa, senti tisini na nane,
ziliingia mstari unaofuata, kabla madalali hawajakata chao.
Najua pia jambo litakalokushangaza:
soko limeporomoka, ule mstari haukutikisika.
Bei hufa; kilichotolewa hubaki kimeandikwa kuwa kilitolewa.
Milioni mia nne na kumi na mbili.
Zako zimo. Hazina sura.

Chini yake iko nakisi,
milioni mia tatu tisini na sita, ndani ya mabano,
mabano mawili kama viganja vilivyokinga maji
na maji yakapita.
Humo wamekwenda panya weupe, vichupa, mishahara yetu,
umeme wa majokofu ya nyuzi themanini chini ya sifuri
yanayonguruma hadi sasa chini ya kiti changu.
Humo zimo risiti za nauli, zenye namba, zisizo na majina.
Moja: Chicopee hadi Boston, kwenda na kurudi,
mara kumi na nne,
na kila mara maziwa, na mkate wa nyama ya bata mzinga
ulioondolewa kachumbari.

Upande upi, sijui. Mizania haina mstari huo.
Wanaojua wameufunga ujuzi wao kwa kiapo
na huenda na wao walikuwa na maboksi Alhamisi.

Saa sita usiku. Nimefunga robo.
Pande mbili zimelingana hadi senti, kama zinavyotakiwa.
Barua yako bado iko wazi.
Nimeanza: Mpendwa Bernadette,
na baada ya mkato nimeacha nafasi,
upana wa kiganja.